Kubandika na Kubandua

Kauli ya kutendua niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30. Funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Wanafunzi waliipenda kwa kuwa ilionekana haina hila: kiambishi -u- kinaingia, na tendo linarudi lilikotoka. Mwaka huu, nikiwa mstaafu hapa Biharamulo, nimeisoma upya jikoni, kwa kutengeneza sambusa kwa mara ya kwanza, tangu kukanda hadi kukaanga.

Sababu ni mke wangu. Yeye ni mzaliwa wa Pangani, na sambusa zake zilijulikana mtaa mzima. Mwaka jana kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kulia. Ulimi, Mungu ashukuriwe, kiliuacha. Jumamosi moja akasema anatamani sambusa, ila si za kununua. Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Kwetu unga ulikuwa wa kusonga, si wa kukanda. Tukakubaliana: mikono yangu, maneno yake.

Akaketi kwenye kiti karibu na jiko la mkaa. Nilikanda unga wa ngano kwa chumvi, maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, nikaufunika upumzike. Nikakata madonge, nikasukuma kila moja likaenea kama kisahani cha kikombe.

"Sasa paka mafuta, nyunyiza unga, ubandike jingine juu yake," akasema. "Manne. La juu kabisa usilipake. Kisha yasukume yote kwa pamoja."

"Yatashikana, mama."

"Hayatashikana, Mwalimu. Ndiyo kazi ya mafuta. Sukuma."

Nikasukuma, nikauweka mkate ule kwenye chuma, upande huu na upande huu, bila kuuacha uive sana. "Bandua ungali moto!" Nikabandua. Zikatoka manda nne, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole vyangu.

Hapo ndipo nilipoielewa mifano yangu ya ubaoni. Kubandua hakukurudisha kitu nilichobandika. Madonge manene yaliingia, manda zikatoka; tendo liligeuzwa, lakini yaliyopita katikati, yaani uzito wa mpini na moto wa chuma, yalibaki ndani ya unga.

Kujaza ni elimu nyingine. Nyama ya kusaga nilikuwa nimeikausha kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, kisha nikaiepua na kuitia vitunguu maji na kotimiri. Manda hukatwa vipande, kipande hukunjwa kiwe kama bahasha ya karanga, hujazwa, na mdomo wake hugandishwa kwa uji mzito wa unga. Mke wangu alizikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. "Pembe hii ina tundu. Itakunywa mafuta." Nikaziba. Mshairi anayehesabu mizani kwa vidole angemwelewa.

Jina lenyewe limesafiri kutoka Kiajemi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia chakula cha namna hii kwenye karamu za Delhi: nyama na lozi, vitunguu na viungo, vikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Waitalia nao hufunga nyama au jibini katika unga, lakini huchemsha, wakaita ravioli. Ukitazama vizuri, chakula hiki hakikusafiri kwa maandishi peke yake. Kilipita kinywani mwa mtu aliyejua hadi mikononi mwa asiyejua, kwa vitenzi vichache vilivyo sahihi. Kama angesema "weka" mahali pa "bandika", au "toa" mahali pa "bandua", tusingekula.

Kunja na kunjua ndiyo jozi inayonisumbua sasa. Mkono wake umejikunja. Kila asubuhi tunaunyoosha kidole kwa kidole, kama tulivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi, na kila jioni umerudi ulivyokuwa. Zamani ningesema kunjua ni kinyume cha kunja, nikafuta ubao. Leo najua kwamba ni kazi inayojitegemea, yenye muda wake, na kwamba mkono utakaokunjuka, ukikunjuka, hautakuwa ule wa zamani.

Tulitengeneza 24. Ile ya mwisho aliifunga yeye, kwa kidole gumba cha kushoto, mimi nikiwa nimeishikilia. Ilikuwa imepinda kidogo, nasi tukaikaanga pamoja na zilizobaki.