Mchango wa Mwaka

Kila mwisho wa mwezi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wangu kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, wala sijapata kuona uchungu wake, kwa maana fedha hizo hutoka kabla sijazishika. Jirani yangu hapa Lafey hana mshahara wa kukatwa. Ni mzee mfugaji, mwenye mbuzi wachache waliosalia baada ya ukame wa 2020 hadi 2022.

Asubuhi moja alinijia shuleni, simu mkononi, akaniomba nimsomee alichoandikiwa. Alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, ndipo mkewe mgonjwa alazwe kwa bima.

“Mwalimu,” akasema, “niuze mbuzi wangapi?”

Sikuwa na jibu. Bei ya mbuzi huku hushuka pale hasa watu wengi wanapolazimika kuuza. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini yeye alikadiriwa zaidi, kwa maswali yahusuyo nyumba na vitu vya nyumbani. Mali ya mfugaji, wasomaji wangu, haikai nyumbani. Hutembea malishoni, nayo yaweza kufa yote katika msimu mmoja.

Wala mimi si adui wa mpango huu. Bima ya zamani, NHIF, ilianzishwa mwaka 1966 kwa wenye mishahara, na hata mwisho wake mwenye mshahara mnono kabisa alikatwa shilingi 1,700 tu. Mpango mpya, ulioanza Oktoba 2024, uliondoa kikomo hicho. Tena matibabu ya zahanati hulipiwa na serikali, alimradi mtu amejiandikisha (na dawa zipo!). Homa ikitibiwa mapema zahanatini, gharama kubwa za hospitali huepukwa.

Kasoro ni wakati wa kulipa. Upo mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole, lakini mkopo ni deni, na marejesho yake hayangoji mvua. Kwa nini mfugaji asilipe baada ya mvua, mifugo inaponenepa na kuwa na bei? Na aliyepoteza mifugo yote alipiwe na serikali, kama sheria inavyoruhusu kwa wasiojiweza.

Mzee aliuza mbuzi jike watatu. Mkewe alilazwa siku nne, akarudi akitembea kwa miguu yake. Juma lililofuata alinijia tena, akaniuliza mwaka wa bima huanza kuhesabiwa lini. Alitaka kujua kama malipo yajayo yataangukia kabla ya mvua za Gu au baadaye.