Pete Ndani ya Ini
Kirusi cha homa ya ini B kina jeni nne tu, lakini ujanja wake si mdogo. Kikiingia katika seli ya ini, DNA yake hujifunga kama pete ndani ya kiini. Seli ina walinzi, protini ziitwazo Smc5/6, ambazo huinyamazisha pete hiyo isisomwe. Ndipo protini ndogo ya kirusi, iitwayo X, huwapeleka walinzi hao kwenye mtambo wa seli yenyewe wa kuvunjavunja protini. Fitina tupu! Jambo hili lilijulikana mwaka 2016. Vidonge anavyomeza mjomba wangu kila siku huzuia kirusi kuzaana, lakini pete haviziondoi. Nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akaniuliza wanawe watachanjwa lini.