Kwa Pikipiki Katika Mbuga za Simiyu

Ninyi mkaao mbali na nchi yetu ya Usukuma, yafaa kwanza niwaeleze mahali penyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Upande wa Busega mkoa wetu unaligusa Ziwa Victoria, na upande wa mashariki unapakana na mbuga za wanyama za Serengeti. Ni nchi ya pamba, ya ng'ombe na ya mibuyu. Mgeni ajaye kutoka Lamadi au kutoka Maswa huingia Bariadi juu ya lami, wala haoni shida yo yote. Lakini akiiacha lami na kushika njia za ng'ombe, hapo ndipo ataijua nchi yetu, tena hapo ndipo atajua faida ya rafiki.

Sisi tu watu wanne: mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa pikipiki, kijana mmoja aendeshaye bodaboda, na mimi karani wa parokia. Siku za kazi pikipiki zetu hubeba abiria, vipuri, madaftari na barua za vigango. Siku za likizo twaziondolea mizigo, twashika njia za porini kwa furaha tu, kama wengine waendavyo kucheza mpira. Hatushindani mbio wala hatupeani zawadi. Kitu tupeanacho ni mashauri.

Nanyi mtauliza, mashauri gani? Wazee wa Kisukuma waliipa kila aina ya udongo jina lake, na majina hayo ni shule tosha kwa mwenye pikipiki. Luseni ni mchanga wa huko juu, karibu na vilima vya mawe. Ukiingia luseni, punguza upepo kidogo katika matairi, simama juu ya vikanyagio, tazama mbali, wala usishike breki ya mbele, maana gurudumu litazama nawe utaruka juu ya usukani. Itogolo ni ardhi ngumu isiyonywa maji upesi. Mvua ndogo tu huifanya iteleze kama sabuni. Hapo nenda polepole kwa gia ndogo, usikate kona kwa ghafula.

Tena kuna mbuga yenyewe, ule udongo mweusi wa mabondeni. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na ufa ukifuatana na njia yako huikamata tairi kama reli. Basi uvuke ufa kwa kuukata, usiufuate. Mvua zikinyesha udongo huo huvimba na kunata. Hujaa katikati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kabisa kuzunguka, hata kama injini inanguruma. Kwa sababu hiyo kila mmoja wetu hufunga kijiti kigumu kando ya kiti, cha kukwangulia tope. Kijiti hicho hakinunuliwi dukani, lakini siku ya mvua hakuna spana iliyo na thamani kama hicho.

Hayo yote hakuna aliyeyajua peke yake. Fundi alitufundisha kufungua plagi na kuikausha, ingawa ufundi huo ndio chakula cha watoto wake. Kijana wa bodaboda alimfundisha fundi kuzisoma nyayo za ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hujua mahali penye ardhi imara kuliko sisi. Mwalimu alituwekea kanuni moja: kila afikaye njia panda husimama, asiondoke mpaka amwone aliye nyuma yake. Na fundi mwenye vyombo huenda wa mwisho siku zote, ili aharibikiwaye asiachwe nyuma bila msaada.

Likizo moja ya Desemba tuliondoka Bariadi asubuhi, tukielekea Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, kwa kupita Kisesa na Mwandoya. Nasema Kisesa ya Meatu, wala si ile iliyo karibu na Mwanza. Mvua zilikuwa zimeanza, na pamba changa ilikuwa imechomoza mashambani. Kijana wetu alikuwa na shughuli kubwa: jioni ile wajomba zake walikuwa wakimngoja Kisesa, wapate kwenda naye kwa wakwe kuzungumza habari za mahari. Alikuwa amevaa shati jipya ndani ya koti la mvua.

Mchana tulifika penye korongo moja, katika yale yapelekayo maji Mto Simiyu. Makorongo hayo siku nyingi huwa mchanga mtupu. Watoto huchimba humo wapate maji ya kunywa. Siku hiyo korongo lilijaa maji mekundu, yakibeba matawi na povu. Juu yetu jua lilikuwa likiwaka. Ng'ambo haikuwa mbali. Nadhani hatua kumi na tano tu.

Chini ya mti alikaa mzee mmoja na ng'ombe zake. Tukamwamkia, "Mwadila, baba." Akaitikia, kisha akasema, "Wanangu, mvua ya maji haya haikunyesha hapa, imenyesha huko juu. Mnaliona lile wimbi dogo katikati? Chini yake pana jiwe. Ngojeni mpaka jiwe lionekane."

Kijana akasema, "Baba, wazee wenzako wananingoja. Nikichelewa siku ya kwanza watasema mimi ni mtu wa namna gani?" Akakanyaga kiki. Kwa kweli hoja yake haikuwa ya kitoto. Kati yetu hakuna asiyejua uzito wa neno la wakwe.

Mwalimu hakumfokea. Alimwendea akamwambia polepole, "Ndugu yangu, ukiingia wewe nasi tutaingia kukutoa. Basi usichague kwa ajili yako tu, wachagulie watu wanne." Kijana akanyamaza. Mwishowe akazima injini, akaja kuketi nasi. Mzee akatugawia michembe kutoka mfuko wake, tukaitafuna.

Hata baada ya muda akaja mpanda pikipiki mwingine, mgeni kwetu, peke yake, na gunia amelifunga nyuma. Naye hakuzima injini. Aliyatazama maji, akaanza kushuka ukingoni. Nani aliyeruka upesi kumzuia? Ni kijana wetu. Akamshika mkono, akamwonyesha lile wimbi dogo, akamwambia, "Pana jiwe chini yake. Ngoja lionekane. Hata mimi nina haraka." Mgeni yule akashuka, akaketi pamoja nasi. Nikaona jinsi shauri jema lilivyotoka kwa mzee likapita kwa kijana na kumfikia mtu ambaye hatujui jina lake.

Jiwe likaonekana jua lilipokuwa limeinama. Hata hivyo hatukuvuka juu ya pikipiki. Fundi aliingia kwanza kwa miguu, akapima kina kwa fimbo. Kisha tukazima injini zote, tukazisukuma pikipiki moja moja, watu wawili kwa kila pikipiki. Injini huzimwa kwa sababu ikivuta maji ikiwa inafanya kazi, huweza kuvunjika ndani. Tena asukumaye hukaa upande maji yatokako, ili pikipiki ikisombwa isimwangukie. Tulipofika ng'ambo tulikanyaga breki kidogo kidogo katika mwendo mpaka zikakauka.

Kisesa tulifika usiku. Kijana alieleza sababu, naye mzee wa upande wa wakwe akajibu, "Mkwe aliyechelewa twampokea. Aliyezama tungempokeaje?" Mazungumzo yakaendelea, nasi tukaingia Mwanhuzi siku ya pili badala ya siku ile.

Msidhani jambo hili ni la Usukuma tu. Yako mashindano makubwa ya magari na pikipiki jangwani, yaitwayo Dakar. Tarehe 12 Januari 2020, yalipokuwa yakifanyika Saudi Arabia, mpanda pikipiki Paulo Gonçalves wa Ureno alianguka vibaya. Toby Price wa Australia, bingwa wa mwaka uliotangulia, alimkuta chini. Bingwa huyo hakuendelea na mbio. Alisimama kumsaidia mwenzake. Kwa masikitiko Gonçalves alifariki dunia, na kesho yake mbio za pikipiki hazikufanywa. Mnaona basi, hata watu wanaoshindania sifa ya ulimwengu mzima wanajua kwamba aliye chini hapitwi.

Nanyi wazazi, leo karibu kila kijiji kina pikipiki, na wengi waziendeshao ni watoto wenu. Waambieni wavae kofia ngumu, wao na abiria wao, maana sheria yataka hivyo na kichwa hakina kipuri. Waambieni wasiende porini peke yao wakati wa masika. Nao wafikapo penye maji wamwamkie kwanza mchungaji aliye karibu, kwa kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nanyi wazee mkaao kando ya njia, msichoke kutupungia mkono na kutuambia, "Ngojeni." Mara nyingine tutanuna, maana tuna haraka na wakwe wanatungoja. Lakini semeni tu. Neno lenu halitaishia kwa yule mmoja mliyemwambia. Naye atampa mwingine penye korongo jingine, mahali ambapo ninyi hamtafika.