Orijino

Nilipokuwa sekondari Dar es Salaam, kati ya mwaka 2000 na 2003, nguo mpya ilikuwa na walakini. Mzazi akikununulia jinzi dukani Kariakoo, imekunjwa kwenye nailoni na bado inanuka dawa ya kiwandani, huendi nayo mbele ya watu mpaka uifue ipauke kidogo. Wenzako wangekushika kiunoni, wakageuza ukanda kusoma nembo, wakakagua zipu, halafu mmoja wao angetoa hukumu: feki. Rufaa haikuwepo. Orijino ilikuwa ile iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine Marekani au Ujerumani, akaichoka, ikafungwa kwenye robota, ikapanda meli na kuja kufunguliwa Karume asubuhi na mapema.

Kwa hiyo sisi wa Temeke tulikuwa na bahati moja. Watoto wa Masaki na Oysterbay waliletwa shule kwa magari, walikuwa na madishi nyumbani, walijua wanamuziki wa Marekani wamevaa nini mwezi huo. Lakini soko la Karume lilikuwa njiani kwetu, na Karume haitaki fedha nyingi. Inataka mtu wa kuamka.

Shule yetu ilikuwa upande wa Upanga, ya wavulana na wasichana: shati jeupe, suruali ya bluu iliyokoza, sketi ya marinda kwa wasichana. Mstarini tuliambiwa kwamba sare imewekwa ili mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi wasijulikane. Nia ilikuwa njema. Ila ukiwavalisha watu mia kadhaa nguo ya aina moja, macho yao yatajifunza kusoma vitu vinavyobaki: kiatu, soksi, begi, saa, upana wa mguu wa suruali. Mimi nilifika mahali nikawa namjua mtu anakotokea kwa kuangalia shati lake tu. Shati lililosuuzwa kwa bluu halina weupe sawa na lililotoka kwenye mashine, na lililopigwa pasi ya mkaa huwa na alama mahali fulani, tundu dogo la kahawia lililoachwa na cheche. La kwangu lilikuwa chini ya mfuko. Nilikuwa nalifunika kwa kalamu.

Nje ya geti sare ilikuwa na maana nyingine. Denti alilipa nauli pungufu, kwa hiyo kwa konda sare ilikuwa hasara tupu. “Madenti wawili tu! Wengine subirini!” Mtoto wa Temeke aliyefika shule saa moja kamili, shati halijakunjamana, soli hazijakanyagwa, alikuwa ameshafanya kazi kubwa kabla ya somo la kwanza.

Mtindo wa wakati ule ulikuwa upana. Tupac alikuwa ameuawa tangu Septemba 1996, lakini sura yake ilizidi kuzunguka mjini ubavuni mwa daladala, kitambaa kichwani, fundo mbele. Bongo Fleva ilikuwa imeziteka redio. Profesa Jay alitoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, na sisi tulikuwa na Juma Nature wetu, aliyetufanya tuandike TMK kwenye majalada ya madaftari bila kuona haya. Hao wote walivaa nguo za kuwatosha watu wawili, nasi tukataka hivyo hivyo, hata kwenye sare. Fundi mmoja wa Temeke alikuwa anafumua mshono wa pembeni kuanzia gotini, anaingiza kipande cha kitambaa chenye umbo la pembetatu, anashona tena. Ukitembea, mguu wa suruali unafagia chini. Kiunoni unashusha kidogo, unapata mlegezo. Fundi mwenyewe alivaa suruali ya kitambaa iliyomkaa sawasawa, na kazi zetu alizifanya kwa huruma, kama anayempaka dawa mtoto wa jirani.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa na mkasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumatatu alisimama getini, akiona mguu mpana anainama, anashika pindo, anapasua suruali kutoka chini mpaka gotini, kisha anakuachia upite. Ungekaa siku nzima na suruali inayopepea. Yangu ilipopasuliwa, mama aliirudishia kwa mkono, na akatumia uzi mweupe. Nilimuuliza kama uzi wa bluu umekwisha. Akasema upo.

Wasichana walikuwa na vita yao, na naona waliipigana kwa akili kuliko sisi. Sketi ilikuwa inakunjwa kiunoni baada ya geti na kuteremshwa kabla ya kurudi kulipita. Hao wa sketi walikamatwa sana. Waliokuwa hawakamatiki ni wale wa ushungi: namna ya kuulaza, pini ikae wapi, kitambaa kiwe chepesi au kizito, kiishie begani au kifuani. Ilikuwa elimu kamili, na kila muhula ilikuwa na toleo jipya. Walimu walioweza kupima sketi kwa rula hawakujua waanzie wapi kwenye ushungi.

Nyumbani tuliishi na mjomba, kaka yake mama. Alikuwa ameajiriwa kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilipofunguliwa mwaka 1968, kijana mbichi, na akasimama kwenye mashine za kufuma mpaka nywele zikageuka. Mitumba hakuipenda. Aliiita kwa jina lake la zamani, kafa Ulaya, na alimlaumu Mzee Rukhsa, rais wa wakati huo, kwa kufungua mlango huo miaka ya themanini. Ukimwambia kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanapanga foleni kutafuta shati, anakujibu kwamba wangevumilia kidogo, viwanda vingefika. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru ya AGOA, wengine wakalegea na Rwanda peke yake ikashikilia mpaka ikaadhibiwa mwaka 2018. Nilikuwa nasoma habari hizo huku nasikia sauti ya mjomba ikiniambia, umeona?

Lakini siku niliyorudi na suruali iliyopasuliwa alicheka mpaka akakohoa. Akaniita.

“Mjomba, hebu njoo hapa. Wamekuchania kwa sababu ni pana?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Sisi walitaka kutuchania kwa sababu inabana.”

Ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba ifikapo Januari mosi 1969 mini, mawigi na suruali za kubana mwisho mjini Dar es Salaam, na hata kabla tarehe haijafika vijana walishaanza kuwakamata wasichana kwenye vituo vya mabasi Kariakoo. Mjomba alisimulia kwamba kipimo cha suruali kilikuwa chupa ya soda: ikishindwa kupita mguuni, umeumbuka. Yake ilishindwa. Alikimbia kutoka Msimbazi mpaka Ilala, na kwa mbano ule anasema kukimbia kwenyewe kulikuwa ni kurukaruka tu. Miaka michache baadaye alikuwa na bugaluu inayofunika kiatu, na hakuna aliyemgusa.

Jukwaa letu la kweli halikuwa shuleni. Lilikuwa tuisheni, kule kule Mchikichini lilipo soko. Jumamosi na siku za likizo wanafunzi wa mji mzima walijazana kwenye mabenchi kusoma fizikia na hesabu, na tuisheni haina sare. Mtu anatoka Mbezi, mwingine Tandika, mwingine Upanga, kila mmoja na alichonacho. Walimu wa tuisheni walifundisha vizuri ajabu. Hata hivyo, dakika zile za kusubiri kipindi, vijana wameegemea ukuta kwa mkao waliouandaa nyumbani, ndizo ninazozikumbuka kuliko sheria zote za Newton.

Mimi nilikuwa nafika mapema, nikitokea sokoni. Kufungua belo ni shughuli. Muuzaji anakata zile kamba ngumu, mzigo uliobanwa unapumua na kuvimba, na harufu inatoka, ile ambayo kila mtu wa Dar anaijua na hakuna aliyewahi kuieleza vizuri. Wanaoanza ni wale wa kupointi: wanalipa zaidi, wanatoa vipande vizuri kabla mzigo haujamwagwa chini na kelele za mia tano, mia tano hazijaanza. Sikuwa na fedha za kupointi. Nilikuwa na urafiki na kijana mmoja wa meza ya raba na mabegi, nikimsaidia kupanga, naye akiniwekea pembeni. Ndiye aliyenifundisha kusoma nguo. Igeuze ndani nje kwanza. Mshono wa orijino umenyooka hata mahali pasipoonekana. Zipu iwe na herufi YKK. Kibandiko cha maelekezo ya kufua kiwe na lugha zaidi ya moja na maandishi yaliyoanza kufifia, maana feki haijawahi kufuliwa. Raba ya kitambaa ikiwa imepauka, isugue kwa mswaki na Foma, ianike kivulini, kisha ipake chaki. Chaki zilipatikana darasani bure.

Rafiki yangu mmoja alinunua pale jezi ya mpira wa kikapu ya sekondari moja ya Ohio, nyekundu, namba mgongoni. Hatukujua Ohio iko wapi. Jioni ile akaitwa Ohio, na hadi kidato cha nne walimu nao walikuwa wanamwita hivyo. Huwa najiuliza yule mwanafunzi wa kwanza mwenye jezi ile alikuwa mtu wa namna gani shuleni kwao, kama alikuwa nyota au alikaa benchi mwaka mzima. Kwetu ilimpa Ohio heshima ambayo jina la baba yake halikuwa limempa.

Maombi yakaanza kuja. Kwanza begi la JanSport, kisha viatu vya Timberland, kisha jinzi ya hipsta kwa msichana wa Upanga ambaye kwao kwenda Karume lilikuwa jambo lisilozungumzika. Nilichukua vipimo kwa kamba, nikaviandika nyuma ya daftari la jiografia. Wakaniita Dalali. Nilipanga faida yangu ndogo juu ya kila kitu, na hakuna aliyelalamika. Kabla ya hapo nilikuwa yule wa Temeke mwenye tundu kwenye shati. Baada ya hapo watoto wa Masaki walinitafuta wakati wa mapumziko na kunivuta pembeni, wakizungumza kwa sauti ya chini. Sikuwahi kualikwa kwao, na sidhani kama walinipenda kwa kiasi nilichotaka wanipende. Lakini walinihitaji, na katika umri ule nilikubali kimoja badala ya kingine bila kubishana.

Sharti lilikuwa moja, na halikuandikwa popote: usiseme kimetoka wapi. Mbele ya watu kila kitu kilikuwa kimetumwa. Kimetumwa na anko aliye London, na dada anayesoma Houston, na rafiki wa baba. Nilisimama kwenye makundi nikisikiliza habari za jaketi lililofika na ndege juzi, jaketi nililolifua mwenyewe uani kwetu na kulianika juu ya paa la choo. Mara moja tu nilishindwa kujizuia.

“Na dada hajambo huko?” niliuliza.

“Hajambo,” akasema mwenye jaketi. “Anakusalimia, Dalali.”

Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Mwaka 2003 binti wa mjomba alikuwa anaolewa, na baba wa bi harusi hakuwa na koti. Alizunguka madukani wiki nzima, akarudi na hasira. Makoti ya bei yake yalikuwa mepesi, alisema, ukiyapulizia yanaruka. Jioni moja nikiwa napiga mswaki raba za mteja, akaja akasimama karibu yangu.

“Mjomba. Hao jamaa zako wa kafa Ulaya, wanauza na makoti?”

Tulikwenda alfajiri. Alipita kwenye meza akiwa na uso wa mtu aliyeletwa hospitali kumwona mgonjwa asiyempenda, mpaka alipofika kwenye koti moja la kijivu. Alilishika kwa kidole gumba na cha shahada, akasugua taratibu. Akageuza pindo. Akachomoa uzi mmoja mfupi kutoka ndani, akawasha kiberiti, akauunguza na kuunusa, halafu akanipa na mimi ninuse. Ulinuka nywele zilizoungua.

“Sufu,” akasema. “Hakuna kilichochanganywa humu.”

Kibandiko kilisema limetengenezwa Ujerumani Magharibi, nchi iliyokuwa haipo tena tangu mwaka 1990. Muuzaji akataja elfu kumi na mbili. Mjomba akalipeleka kiwiko kwenye mwanga, akamwonyesha mahali palipofumwa upya, kazi safi ambayo mimi sikuiona hata nilipoonyeshwa, akaeleza idadi ya nyuzi na upande zilikopinda. Muuzaji alimtazama, akanitazama mimi, akauliza mzee huyu ametoka wapi.

“Urafiki,” mjomba akajibu. Tukalichukua kwa elfu saba.

Siku ya harusi lilimkaa kama alikatiwa yeye. Ukumbini shemeji yetu mmoja alilisifia, akashika ukosi, akauliza duka. Mjomba alikunywa soda yake kwanza.

“Hili nimetumiwa,” akasema. “Na Mchina mmoja tuliyekuwa naye kiwandani.”