Mawe Manne ya Redio

Kila mwaka Majilio yanapoelekea mwisho na wanakwaya wanapojaribu nyimbo za Noeli, sisi hukumbuka mpira. Tunaona haya kidogo kukiri jambo hilo katika ukurasa huu, lakini ndivyo ilivyo. Tunakumbuka Desemba 2010, wakati timu ya Lubumbashi, Tout Puissant Mazembe, ilipofika mahali ambapo timu nyingine ya Afrika haikuwa imefika kabla yake: fainali ya Kombe la Dunia la vilabu.

Jina hilo lilitusumbua sisi makatekista. Watoto wa mafundisho walituuliza kwa nini timu inaitwa Mwenyezi. Tuliwajibu kwamba wamonaki Wabenediktini walioianzisha mwaka 1939 waliipa jina la Mtakatifu Georges, na kwamba hilo lingine lilikuja baadaye, bila mtu kutuomba ruhusa.

Hatukutazamia makuu. Mwaka 2009 Mazembe walitwaa kombe la Afrika, wakaenda Abu Dhabi, wakafungwa mechi zote mbili. Tarehe 31 Oktoba 2010 waliwapiga Espérance wa Tunis mabao 5 kwa 0 pale Lubumbashi, nasi tukafurahi kwa tahadhari, hasa kwa kuwa Trésor Mputu, mshambuliaji wao hodari, alikuwa amefungiwa na FIFA.

Nyumbani kwetu, hapa Kasongo, mambo yalikuwa mazito kuliko mpira. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameacha shule. Tulimtaka awe mwalimu kama sisi. Yeye alimwona mwalimu akingoja michango ya wazazi ili apate kula, akashika njia ya Kabambare kwenda kuchimba dhahabu Namoya. Siku ya kuondoka tulimwambia neno ambalo mzazi hapaswi kulitamka: asirudi mikono mitupu. Miezi kumi na minne hatukupata habari zake.

Alirudi mwanzoni mwa Desemba, amekonda kwa malaria, mikono mitupu. Alikaa jikoni na mama yake. Kwetu alitoa salamu tu, nasi tuliipokea salamu tu. Kiburi cha mzazi ni kitu kigumu. Hukaa mezani kama mgeni asiyeaga.

Tarehe 10 Mazembe waliwafunga Pachuca wa Mexico 1 kwa 0, bao la Bedi Mbenza. Tarehe 14 wakakutana na Internacional wa Brazili, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Redio ilikuwa ya jirani yetu, mzee Mwislamu ambaye kila Idi hutuletea nyama; mawe manne mapya yalinunuliwa kwa mchango wa mtaa mzima. Mtangazaji alisema Kifaransa, na kwa kuwa sisi ni mwalimu, tuliombwa kuwatafsiria wazee. Tulitafsiri kama darasani, sentensi kamili, kiima na kiarifu. Tukiwa bado tunaeleza kona, mpira ulikwisha kufika upande wa pili.

Ndipo sauti ikatoka gizani, nyuma ya watu: «Baba, si hivyo. Kabangu amefunga!»

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwetu, ukiondoa salamu. Tulisimama, tukampa kigoda. Alitafsiri mpaka mwisho, kwa kasi ya mpira wenyewe, na dakika ya 85 Kaluyituka alipofunga la pili, yule mzee alimkumbatia. Kesho yake shuleni watoto wote waliketi chini wakirukaruka kwa makalio kama kipa Kidiaba, na mama mmoja akatuletea kaptura iliyochanika, akitaka tueleze.

Jumamosi tarehe 18 tulifunga mazoezi ya kwaya mapema. Paroko hakuuliza, nasi hatukueleza. Inter Milan hawakutuhurumia: dakika ya 13 Pandev, dakika ya 17 Eto'o. «Huyu si mtoto wetu wa Kameruni?» mzee aliuliza, na hakuna aliyemjibu. Karibu na mwisho Biabiany akaongeza la tatu. Hakuna aliyeondoka. Kijana wetu alitafsiri kila kona na kila mpira wa kurusha kana kwamba ni 0 kwa 0, na sisi tuliosomea kufundisha tunasema wazi kwamba hatujasikia mtafsiri bora.

Mchezo ulipokwisha, mzee alitoa mawe mawili redioni, akampa atie katika tochi yake ya machimbo. Alitutangulia njiani akimulika. Penye mtaro alisimama, akageuza mwanga nyuma hadi tukavuka.

Mwezi wa Januari, alipopata nguvu, alirudi Namoya. Safari hii tulimsukumia baiskeli mpaka nje ya mji, penye kilima, tukamwambia arudi Noeli, hata mikono mitupu.