Pasaka ya Aprili 1979

Kwetu Kyerwa, Myahudi ni mtu wa mahubiri. Jumapili anavuka Bahari ya Shamu, ibada ikiisha anabaki kanisani, nasi tunarudi migombani. Ni masomo ya uzamili katika historia ya dini yaliyonikutanisha na Wayahudi wanaolima migomba kama sisi.

Hao ni Abayudaya, wa vijiji vya kuzunguka Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza, aliamua kuishika Torati kama alivyoisoma. Alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaanza kuitunza Sabato. Alifariki 1928, jumuiya ikaendelea. Kisha akaja Idi Amin, akapiga marufuku dini yao. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Wachache waliobaki walisali majumbani, kwa siri.

Amin huyo namjua kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliteka eneo la Kagera lililo kaskazini mwa mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Bibi alipokea jamaa waliokimbia na watoto mgongoni. Kaka yake alijiunga na mgambo, akaenda vitani, hakurudi. Bibi hautaji mwaka ule. Husema "wakati wa senene", basi. Ukizidi kuuliza, anakutuma kuni.

Kampala ilikombolewa na JWTZ pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Nilitafuta siku hiyo katika kalenda ya Kiyahudi: jioni ile ile, jua lilipotua, Pasaka yao ilikuwa inaanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri.

Sikukuu hiyo huadhimishwa hasa nyumbani, mezani. Kuna mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Mkubwa hana ruhusa ya kumtuma kuni. Ni lazima asimulie. Nadhani ndiyo maana marufuku ya Amin haikuwamaliza Abayudaya: sinagogi unaweza kulifunga, lakini si rahisi kuifunga kila meza. Leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyehitimu Marekani mwaka 2008.

Sisi tunayo Siku ya Mashujaa, kila 25 Julai, na makaburi ya wanajeshi kule Kaboya, Muleba. Taifa linakumbuka. Lakini nyumbani kwetu kaka yake bibi hana siku, hana chakula, hana swali. Bibi akiondoka, ataondoka naye.

Kwa hiyo Novemba iliyopita, tukiwa tunanyonyoa senene, niliuliza. Sikuuliza habari za vita.

"Bibi, kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinyamaza kidogo. Dada yangu mdogo naye akaacha kunyonyoa.

"Yule? Mvivu. Hakunyonyoa senene hata mmoja. Alisubiri wakaangwe, ndipo umwone."

Akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha, bila kuulizwa, akatutajia jina lake.