Nani Atakuwa Ferrothorn?

Timu ya kwanza ya karibu kila mtu huwa mafowadi sita. Unamchukua Charizard kwa sababu ulimpenda ukiwa mtoto, ukimtazama kwenye TV ya jirani. Gengar unamchukua kwa sababu ya lile tabasamu lake la mwizi. Halafu Greninja, halafu Garchomp, halafu Weavile na Dragapult kwa sababu wako na kasi ya kutisha. Beki hakuna, kiungo hakuna, na kipa usiulize. Timu hiyo hiyo, wote sita, ndiyo mdogo wangu alikuja nayo kwangu Githurai likizo moja ya Agosti, na alikuwa ameipanga kwa siku mbili akiniambia, "Sista, leo utalia."

Kwa wale mnaojua Pokémon ya katuni tu: kuna watu wanacheza hii kitu kwa ushindani, na ushindani wenyewe ni hesabu kuliko katuni. Kila mtu analeta viumbe sita. Kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya 18, kwa mfano Moto, Maji, Majani, Umeme au Chuma, na kila aina ina inayoipiga na inayoiogopa. Kila kiumbe anabeba mapigo manne na kifaa kimoja pekee. Katika muundo wa mmoja kwa mmoja, kila zamu unachagua kati ya mambo mawili: upige, au umtoe aliye uwanjani uingize mwingine. Mpinzani anachagua wakati huo huo bila kuona chaguo lako. Ni hayo tu, na watu wamekuwa wakibishana kuhusu hayo tu tangu gemu ya kwanza itoke Japani mwaka wa 1996.

Sisi hatuna Nintendo Switch. Karibu kila msee ninayemjua hapa anayecheza anatumia Pokémon Showdown, inayofunguka kwenye brauza ya simu, bure, na haimalizi bando. Hapo hukamati kiumbe wala humlei. Unaandika jina lake, unampangia mapigo, unaingia vitani. Nikipita base ya PS kule chini wananiuliza mbona nisicheze mpira kama watu wengine. Huwa nawaambia nacheza mpira, ni vile tu kipa wangu ni mashine ya kufua nguo. Nitaeleza.

Pambano letu la kwanza lilichukua dakika kumi. Zamu ya kwanza kabisa, badala ya kumpiga, nilitandaza mawe upande wake. Pigo hilo linaitwa Stealth Rock, na halimgusi aliye uwanjani. Linamgoja anayeingia. Kila kiumbe akiingia baada ya hapo anaumia kulingana na anavyoogopa aina ya Mwamba. Wa kawaida anapoteza asilimia 12.5 ya uhai wake. Weavile, aliye na Barafu, anapoteza robo. Charizard ni Moto na ni wa kuruka, na Mwamba unazipiga aina zote mbili, kwa hivyo anapoteza nusu. Nusu, kwa kuingia tu mlangoni. Akitoka na kurudi mara ya pili, amekwisha bila mtu kumgusa.

Mdogo wangu aliona hiyo ni wizi. Akatafuta, akapata kwamba tangu kizazi cha 2019 kuna viatu, Heavy-Duty Boots, vinavyomfanya kiumbe apite juu ya mawe bila kuumia. Akamvisha Charizard. Poa, lakini sasa Charizard hana nafasi ya kifaa cha kuongeza nguvu, na yule adui ambaye jana angeanguka kwa pigo moja leo anabaki na uhai kidogo, anarudisha ngumi. Nadhani hapo ndipo alianza kuelewa kitu ambacho mafowadi sita hawawezi kukufundisha. Kila tundu unaloziba, unaliziba kwa kitambaa ulichokata mahali pengine.

Sasa tuje kwa mizani yenyewe. Kuna wanaocheza mashambulizi matupu, wanamaliza pambano kwa zamu kumi na tano, washinde au wazikwe. Kuna wanaocheza ukuta mtupu, wanakuchosha mpaka unajiuliza maisha yako yanaelekea wapi. Timu ya mizani iko katikati, na wengi hudhani maana yake ni kuwa na kila kitu kidogo kidogo. Si hivyo. Maana yake ni kwamba mmoja akiogopa kitu, awepo mwingine ndani ya nyumba anayekifurahia.

Chukua watatu ambao watu wamewapanga pamoja kwa miaka mingi. Wa kwanza ni Heatran, Moto na Chuma, mnyama mzito anayeonekana kama jiko lililokasirika. Shida yake kubwa ni Ardhi, inayompiga mara nne. Kwa hivyo unamweka karibu na Rotom-Wash, ambaye kwa kweli ni mzimu ulioingia ndani ya mashine ya kufua nguo. Rotom anaelea, kwa hivyo Ardhi haimfikii kabisa. Udhaifu wake ni mmoja tu, Majani. Na Majani kwa Heatran ni kama kumpiga mtu na mto wa kulalia, robo ya nguvu. Halafu kuna Ferrothorn, Majani na Chuma, anayekunywa Maji na Umeme bila shida. Anaogopa Moto mara nne, lakini Heatran akipigwa na Moto hahisi kitu, tena anapata nguvu zaidi.

Ukiwatazama hao watatu kwenye karatasi unaona mduara. Halafu unatazama tena na unaona ufa: Heatran na Ferrothorn wote wawili ni Chuma, na Chuma kinaogopa aina ya Mapigano, wale wa ngumi. Mtu akileta ngumi, wawili kati ya watatu wanatetemeka. Basi unamtafuta wa nne. Mara nyingi ni Landorus, wa Ardhi na wa kuruka, ambaye anazipuuza ngumi nusu na akiingia tu anapunguza nguvu za anayemkabili. Lakini Landorus anaogopa Barafu mara nne. Unageuka, unakuta Heatran yuko pale, na Barafu kwake ni robo. Siku ya kwanza mtu aliponionyesha mnyororo huo kwenye simu yake nilisahau kushuka kwenye matatu.

Ni Ferrothorn lakini niliyetaka kumzungumzia. Sura yake si ya kupendwa. Ni kama tufaha la chuma lenye miiba, linaloning'inia. Kasi yake ya msingi ni 20, wakati Dragapult ana 142. Kazi yake ni kuingia pale mwenzake alipokuwa apigwe, apigwe yeye. Anayemgusa anachomwa na miiba na kupoteza moja ya nane ya uhai. Anapanda mbegu zinazomnyonya adui kila zamu. Anatandaza mawe. Anabeba kifaa kinachoitwa Leftovers, kinachomrudishia moja ya kumi na sita ya uhai wake kila zamu, yaani kiumbe huyu anaishi kwa kiporo, na anaendelea. Wachezaji wengine humpunguzia kasi makusudi mpaka chini kabisa, kwa sababu ana pigo moja, Gyro Ball, linaloumiza zaidi kadiri anayelipiga alivyo mpole kuliko mpinzani.

Ukitazama pambano baada ya kuisha, kinachoonekana ni nani aliangusha nani. Ferrothorn mara nyingi hajaangusha mtu. Mdogo wangu alimtazama wiki nzima na kila siku alimwondoa kwenye timu akisema huyu anakaa tu. Jioni akichapwa, alimrudisha. Siku ya tano au ya sita, akiwa katikati ya zamu, akaniuliza bila kuinua macho kwenye simu, "Lakini sista, kwani Ferrothorn aliulizwa?"

Nilijua swali lilitoka wapi. Jumapili iliyotangulia tulikuwa kwa mathe, na mjomba wetu mmoja, akishiba, akaanza ile hesabu ya watoto wa ukoo: huyu ni mwalimu, huyu yuko Qatar, yule anamalizia udaktari. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ndiye aliyeachia njiani." Mathe akaenda kuongeza chai. Mdogo wangu alikuwa ameketi pale pale.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumba ilikuwa na karo mbili na kibanda kimoja cha mboga, na yeye alikuwa ndiyo anaingia sekondari ya bweni. Hakukuwa na kikao, hakuna aliyelia. Mathe alisema, "Tutaona muhula huu," nami nikasema nitasimamisha kidogo, na tangu hapo naandikia wateja wa mbali makala kuhusu magodoro na bima ya mbwa, kwa bei ya maneno elfu moja elfu moja. Karo ya mdogo wangu imelipwa kila muhula, mara nyingine wiki ya tatu, lakini imelipwa. Sikuwa nimemwambia jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana. Kumbe alikuwa amejipigia hesabu mwenyewe, na alikuwa anauliza kupitia tufaha la chuma.

Nilimwambia, "Cheza, saa yako inaisha." Showdown ukiwasha saa na ukachelewa, unapoteza pambano.

Sipendi mifano inayokaa sawa sana, na huu una kasoro. Ferrothorn hana kitu anachotaka. Hakuwahi kuketi kwenye ukumbi wa mihadhara asubuhi moja akafikiri, hapa ndipo mahali pangu. Anayempanga ndiye anataka kushinda, yeye anaingia tu. Mimi nilitaka, na bado nataka, na kuna siku nikisoma mwanafunzi mwenzangu wa zamani amepata kazi nafunga simu naenda kununua kitunguu ambacho sihitaji. Lakini mjomba naye ana kasoro yake, ile ile ya mchezaji wa siku ya kwanza: anahesabu walioangusha watu.

Kuna jambo lililotokea 2014 ambalo nilimsimulia mdogo wangu usiku huo, nadhani ndilo lilikuwa jibu langu, ingawa sikusema ni jibu. Mashindano ya dunia ya Pokémon yalifanyika Washington, D.C. Kule wanacheza wawili kwa wawili: unaleta sita, unachagua wanne, wawili wanasimama uwanjani pamoja. Bingwa alikuwa Sejun Park wa Korea Kusini, na ndani ya timu yake alikuwa na Pachirisu, kindi mdogo wa Umeme ambaye watu walimwona kama pambo. Park alimletea kazi moja mahususi. Pachirisu ana pigo liitwalo Follow Me, linalovuta mashambulizi ya mpinzani yamjie yeye. Na Umeme haumuumizi, unamponya. Pembeni yake Park alikuwa na Gyarados, joka la majini linaloogopa Umeme kuliko kitu chochote. Ukirusha Umeme kumwangusha Gyarados, kindi anasema njoo kwangu, anaumeza, anapata nafuu, na Gyarados anaendelea kufanya anachofanya.

Mdogo wangu alitafuta video ya fainali, tukaitazama tukiwa tumelala kichwa kwa miguu kwenye kitanda kimoja. Kila Pachirisu alipopigwa na asianguke, ukumbi ulipiga kelele. Alirudisha nyuma mara mbili kusikiliza zile kelele tu.

"Hawa wanamshangilia kwa kupigwa," akasema.

"Kwa kubaki," nikasema.

"Ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja, lakini ilikuwa saa saba usiku na sikutaka kubishana. Na labda yeye ndiye aliyekuwa na haki. Park alimchagua kindi yule akijua atapigwa, akampangia uhai na kinga za kutosha ili abaki. Kila kiumbe ana pointi 510 za kugawa, na huwezi kuweka zaidi ya 252 mahali pamoja. Ukitaka mtu apokee makofi ya wenzake, ni lazima pointi zitoke mahali. Wengi wanaopanga timu zao hutupa zote kwenye nguvu na kasi za fowadi, halafu wanashangaa beki ameanguka zamu ya pili.

Likizo ikaisha. Simu haziruhusiwi shuleni kwao, kwa hivyo muhula mzima hakucheza. Aliporudi Novemba alinipa daftari la hisabati, nikadhani ni matokeo. Nyuma, baada ya kurasa za logi, kulikuwa na timu kumi na moja zilizopangwa kwa biro, na chati ya aina zote 18 aliyoichora kwa kichwa, ikiwa na makosa mawili tu. Timu ya kumi na moja ilikuwa na Heatran, Rotom, Landorus, Clefable na Dragapult. Ya sita aliiacha wazi, akaandika kando, "si lazima Ferrothorn". Chini yake alikuwa ameorodhesha majina manne ambao wangeweza kugawana kazi zake: huyu atandaze mawe, huyu anywe Maji, yule apokee ngumi.

Tumejaribu wawili kati ya wanne hao. Slowbro alikaa vizuri mpaka mtu alipoleta Umeme. Tangrowth anapokea makofi na anapona akitolewa, lakini hawezi kutandaza mawe, kwa hivyo tukampa Landorus kazi hiyo, na sasa Landorus hana nafasi ya U-turn. Mdogo wangu anasema tuiondoe Earthquake. Mimi nasema hiyo haiwezekani, Landorus bila Earthquake ni ndege tu. Leo jioni tunamjaribu wa tatu.